Mti Ulio Tupu Ndani



Katika masika ya mwaka 2024, mvua zile zilizoleta mafuriko makubwa Nairobi, lilizuka suala katika madrasa moja ya Kibera, nami nilikuwako. Uani mwa madrasa hiyo palikuwa na mkaratusi mkubwa, ambao watoto wapatao sitini walikuwa wakisoma kivulini mwake jioni. Karibu na shina lake palikuwa na tundu lisilozidi upana wa kiganja, na fundi mmoja aliyeingiza ufito mle ndani aliuona ufito wapotea karibu wote. Hapo wazee wawili wakahitilafiana. Wa kwanza alisema: "Mti huu umeoza moyo, nao umekwisha kufa. Na ukatwe kabla haujawaangukia watoto wetu." Wa pili akamjibu: "Vipi utasema umekufa, na majani yake ni mabichi kama ya mti mchanga? Mti unywao maji ni mzima, na mti mzima hauanguki." Maneno yakawa mengi. Mwisho wakaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kilemba. Nikawaambia kwamba kilemba hakimfundishi mtu elimu ya miti, basi nipeni siku chache niwaulize wajuao. Kwa muda huo tukawahamisha watoto barazani.

Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata kwa kuuliza na kusoma, na nimeyaona yafaa kwa wenzetu wa pwani pia, kwani kila nyumba ina mwembe au mnazi ulioinamia paa.

Wazee wale wawili, ijapokuwa walipingana, walikosea kosa moja. Wote walidhani kwamba kunywa maji na kuwa na nguvu ni jambo moja katika mti: ukipatikana huu uhai, imepatikana na nguvu, na ukikosekana huu, imekosekana na ile. Sivyo. Mti una kazi mbili za kufanya kwa mwili mmoja. Wapasa kupandisha maji kutoka ardhini hata kwenye jani la juu kabisa, na wapasa kubeba uzito wake na kuhimili upepo. Kazi hizi mbili mara hupatana na mara huteta, na kwa namna zinavyogawanywa ndipo hutofautiana mti na mti.

Chukua kipande cha mti, ukikate kwa wembe mkali mkato wa kukingama, kisha ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa ni mvule au mkaratusi utaona vitundu vidogo vingi, kama uso wa mkate wa mofa. Kila kitundu ni mdomo wa mrija. Mirija hii hufanyizwa na chembe hai zilizopangana moja juu ya moja, ambazo hukomaa, huondoa kuta zilizo baina yao, kisha hufa, zikabaki kuta za pembeni peke yake. Zingatia hapo: mrija wa mti hauchukui maji illa baada ya kufa. Baina ya mirija mna nyuzi nyembamba zenye kuta nene, na hizo ndizo zibebazo uzito. Tena mna chembe zilizobaki hai, ambazo huweka akiba ya wanga na maji. Katika miti ya namna hii kazi zimegawanywa: mwenye kuchota ni mbali na mwenye kubeba.

Amma msaiprasi na mpaini, hiyo haina mirija ya namna hiyo. Karibu mwili wake wote ni chembe za aina moja ziitwazo trakeidi, nyembamba kama unywele, urefu wake aghalabu milimita 1 hata 4, zilizofungwa ncha zote mbili. Maji hutoka katika moja kuingia katika nyingine kwa vitundu vya ubavuni. Hapa mtumishi ni mmoja, naye huchota na kubeba pamoja. Ndiyo maana seremala akiranda saiprasi huiona laini na sawasawa, haina vinyweleo kama vya mvule.

Kuta za chembe hizi zote ni za selulosi, nayo ni kama kamba ambayo huhimili kuvutwa, iliyoshikizwa kwa lignini, nayo ni kama chokaa baina ya mawe, ambayo huhimili kugandamizwa. Wajenzi wa siku hizi hutia vyuma ndani ya zege kwa sababu iyo hiyo.

Akiuliza mtu: Je, ni nani apandishaye maji hayo, na mti hauna moyo upigao kama wa mwanadamu?

Jawabu yake ni kwamba maji hayasukumwi kutoka chini, bali huvutwa kutoka juu. Jani hutoa mvuke kupitia matundu yake madogo, na kila tone dogo litokalo humvuta mwenziwe, na huyo humvuta wa nyuma yake, kwani maji yaliyomo ndani ya mrija mwembamba hushikamana sana, kama mnyororo, kutoka jani hata mzizi. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1894 na wataalamu wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, na wataalamu wengi wameyakubali baada ya kuyajaribu kwa njia nyingi. Kabla yao, mwaka 1727, kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alikwisha kupima maji yanywewayo na mimea na yatolewayo na majani.

Mwenye kisima aijua pampu ya kufyonza: pwani haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita 10 hivi, na huku Nairobi, kwa kuwa tuko juu na hewa ni nyepesi, haifiki mita 9. Lakini mkaratusi wa Kibera hupita mita 30, na katika kisiwa cha Tasmania kuna mkaratusi uliofika mita 100. Basi dhahiri si kufyonza kwa pampu. Ni kuvuta kwa mnyororo ule, na mvuto huo aghalabu hufika mara 10 au 20 ya uzito wa hewa itugandamizayo. Mrija usipokuwa na ukuta imara, mvuto huo huukunja kwa ndani, kama chupa ya plastiki mtoto aifyonzavyo hewa ikasinyaa. Hapa ndipo ya maji na ya nguvu yanapokutana: ukuta wa mrija ni mnene si kwa ajili ya kubeba matawi tu, bali ili mrija usijikunje kwa kiu yake wenyewe.

Na katika upana wa mrija mna hesabu ya ajabu. Mrija ukiwa na upana mara mbili ya mwenziwe, hauchukui maji mara mbili, wala mara nne, bali mara 16, mvuto ukiwa ni ule ule. Huchukua nafasi ya mirija minne na kufanya kazi ya mirija kumi na sita.

Huenda msomaji akasema: Ikiwa ni hivyo, kwa nini miti yote isiwe na mirija mipana?

Ni kwa sababu ya hewa. Maji yaliyovutwa kwa nguvu namna ile yako katika hatari ya kukatika. Ardhi ikikauka, mvuto wazidi, na punje ya hewa ikapenya kwa kitundu cha ubavuni na kuingia mrijani, mnyororo hukatika, na mrija ule hubaki na hewa tupu, haufai kitu. Mti wenye mirija michache mipana hunywa kwa pupa wakati wa mvua, na hupata msiba wakati wa ukame, kwani kila mrija ukatikao ni hasara kubwa. Mti wenye mirija mingi myembamba hunywa polepole na hukua polepole, lakini huvumilia. Tena mirija mipana huacha nafasi ndogo ya nyuzi za kubeba. Hata hivyo hili la mwisho si kanuni isiyovunjwa, kwani mti waweza kuwa na mirija mipana na nyuzi nene pamoja.

Ninyi mlioko Lamu na Mombasa mna mfano bora kuliko wowote wa huku bara, nao ni mkoko. Mkoko husimama katika maji ya chumvi, na chumvi huyazuia maji yasiingie mzizini. Ili ayapate, yampasa avute kwa nguvu ipitayo mara 25 ya uzito wa hewa, na hiyo ni kabla hajayapandisha hata shubiri moja. Wachunguzi wa Ubelgiji na wa Kenya walioichunguza mikoko ya Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wameona kwamba panapozidi chumvi, mkoko hufanya mirija mingi zaidi katika kila eneo la mti wake, ili hata ikikatika baadhi, iliyobaki itoshe. Basi ile boriti nzito, ngumu, iliyobeba dari za nyumba za mawe za wazee wetu na kupelekwa Arabuni kwa majahazi miaka mingi, haikuumbika ngumu kwa ajili ya dari. Ugumu wake unaambatana na shida yake ya maji.

Mbuyu uko upande wa pili kabisa. Mwili wake ni laini, mwepesi ukikauka, umejaa chembe hai zilizoshiba maji. Watu husema kwamba mbuyu ni tangi, huweka maji ya kunywa kiangazi. Wataalamu waliopima wameona kwamba akiba ile hutumika kwa kiasi kutoa majani mapya kabla ya mvua, lakini sehemu yake kubwa hubaki ili mti usimame: chembe zilizojaa maji hukaza kama mpira uliojaa upepo. Mbuyu ungenyang'anywa maji yake ungelegea. Na kwa kuwa kila sehemu ya mwili wake ni dhaifu, unene wake ndio uutoshelezao.

Na mnazi je? Mnazi si mti kwa maana hii tuliyoieleza. Hauna ganda la ukuaji chini ya gome, basi haunenepi mwaka baada ya mwaka. Mirija yake imefungwa katika mafungu yaliyotawanyika shina zima, mengi na magumu kwa nje, machache na laini kwa ndani. Kwa hiyo afanyaye nguzo ya mnazi hutaka ya nje na kuacha ya ndani. Kila fungu lina mishipa ya maji na mishipa ya chakula pamoja. Kwa sababu hii wakwezi hukata mikato ya kukwelea katika shina na mnazi usife. Lau mwembe ungebambuliwa gome kuuzunguka wote, ungekufa, kwa kuwa mishipa ya chakula imo gomeni. Nao hufa polepole: maji huendelea kupanda kwa ndani na majani hubaki mabichi kwa muda, huku mizizi yafa njaa kwa kukosa chakula kishukacho kutoka juu. Mtazamaji husema mti umesalimika, kumbe umekwisha kuhukumiwa. (Misumari ya matangazo ya waganga, iliyojaa katika miti ya njia ya Ngong, haiui mti kwa namna hiyo, lakini kila tundu ni mlango wa kuvu. Waganga wana madhara mengine, nayo si mahali pake hapa.)

Sasa turudi Kibera, tupate hukumu ya mti wetu.

Mti ukinenepa, mirija mipya huwa nje, karibu na gome, na ya zamani hubaki ndani. Baada ya miaka, ile ya ndani huzibwa. Chembe hai za jirani huvimba na kuingia mrijani kama vifuko, na utomvu na dawa zichukiwazo na wadudu hujazwa humo, na rangi hugeuka nyeusi au nyekundu. Hii ndiyo sehemu waiitayo maseremala moyo wa mti. Moyo haupandishi maji hata kidogo. Maji hupanda kwa ukanda wa nje tu. Kwa hivyo mti waweza kuliwa moyo wote na kuvu au mchwa, ukawa tupu kama ngoma, na majani yake yasijue. Mzee wa pili alisema kweli kwamba mti wake wanywa maji, lakini kweli hiyo haikuwa ushahidi wa nguvu. Jani bichi hutoa habari za mirija ya nje, halitoi habari za nguzo.

Je, mzee wa kwanza ndiye aliyesibu? Naye pia hapana, na hapa ile hesabu ya 16 inarudi kwa mlango mwingine. Nguzo ya mviringo ikisukumwa na upepo, sehemu yake ya nje ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Iliyo katikati karibu haifanyi kitu. Ukitoboa nguzo hata uwazi wa ndani ukawa nusu ya upana wote, haikupunguki nusu ya nguvu, wala robo. Hupunguka sehemu 1 katika 16 tu. Uwazi ukifika sehemu 7 katika 10 za upana, hupunguka karibu robo. Baada ya hapo hasara huja mbio, na ukuta mwembamba waweza kupasuka kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana mwanzi hustahimili upepo ilhali ni mtupu.

Mtaalamu mmoja wa misitu tuliyemwita alitoboa shina kwa keekee nyembamba mahali patatu, akisikiliza mkono wake ni wapi mti unaacha kuzuia. Shina lilikuwa sentimita 80 upana, na uwazi wa ndani sentimita 40 hivi. Nusu kamili. "Kwa habari ya shina," akasema, "mti huu hauna neno." Mzee wa pili akatabasamu.

Kisha mtaalamu akazunguka upande wa kusini, akauliza: "Mtaro huu umechimbwa lini?" Ulikuwa mtaro wa bomba la maji, uliochimbwa miezi minane kabla yake, mita moja tu kutoka shinani, na mizizi minene ya upande ule ilikatwa kwa shoka na kufukiwa, wala hakuna aliyeuliza. Mizizi ina kazi mbili vile vile: ile myembamba ya mbali hunywa, na ile minene ya karibu hushika. Mti ukibaki na minywaji ya pande tatu, majani hayalalamiki. Lakini mshiko wa upande mmoja umekwisha, na udongo umelowa kwa mvua, na mti umeinama kidogo kuelekea madrasa. Alituonyesha ufa mwembamba ardhini upande wa mtaro, ambao sote tulikuwa tukiukanyaga. "Shina halitavunjika," akasema. "Litang'oka zima."

Tukaomba ruhusa ya kaunti, tukaukata. Hivyo hukumu ya mzee wa kwanza ndiyo iliyopita, ijapokuwa hoja yake ilikuwa batili. Na hoja ya mzee wa pili ilikuwa na nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo ambayo ingeua.

Wako walioona uchungu, na hawalaumiki. Kibera kwa jina la wenyewe Wanubi ni Kibra, maana yake msitu. Walipoketishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, askari hao wa Kings African Rifles na jamaa zao, palikuwa msitu kweli kweli, na kipande chake kilichosalia ni huu Msitu wa Barabara ya Ngong, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 na kupunguzwa mara kwa mara tangu hapo. Mkaratusi wenyewe ni mgeni, uliletwa Kenya kutoka Australia mwaka 1902 ili upatikane upesi kuni za magari ya moshi. Mtu mmoja alitaka kuhesabu pete za kisiki ajue umri wake. Nilimwambia asijisumbue: Nairobi ina masika na vuli, na mkaratusi wa huku hauweki pete zilizo wazi za mwaka mmoja mmoja.

Gogo lilipokatwa vipande, saa ile ile ncha zake zilipasuka kwa mlio, kutoka katikati kwenda nje. Watoto wakashangaa. Sababu yake ni kwamba mti mbichi ni dhaifu wa kugandamizwa kuliko wa kuvutwa, karibu nusu kwa nusu. Basi mti unapokua, ukanda wa nje hujikaza wenyewe kama kamba iliyovutwa, ili upepo uusukumapo, ule upande wa kugandamizwa uwe na akiba ya mvuto wa kwanza kuumaliza. Mkaratusi una mkazo huu kwa wingi. Ukikatwa, kamba huachiliwa, na gogo hupasuka.

Tulimwita fundi wa Kawangware, mwenye karakana ya vitanda na viti, atupasulie mbao. Alituambia neno ambalo nataka kila mwenye kujenga alishike. Mteja, asema, huja na haraka, ataka madawati kwa wiki moja. Fundi naye hununua mbao mbichi kwa kuwa ni rahisi. Baada ya miezi mitatu dawati limepinda, na wawili hao huitana wezi. Hakuna mwizi, ni maji tu. Mti mbichi una maji ya namna mbili: yaliyo wazi ndani ya mirija, na yaliyonywewa na kuta zenyewe. Ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Ya pili yakianza kutoka, maji yakisalia kama sehemu 25 hata 30 kwa mia ya uzito wa mti mkavu, ndipo ubao husinyaa, na ndipo pia hupata nguvu zaidi. Nao hausinyai sawasawa: kwa urefu karibu hausinyai kabisa, na kwa kufuata mzunguko wa shina husinyaa karibu mara mbili kuliko kwa kuelekea moyoni. Kwa tofauti hiyo ubao hupinda. Kadhalika mlango uliotengenezwa Mombasa penye unyevu, ukiletwa Nairobi penye hewa kavu, huacha nyufa, na lawama humwangukia seremala wa pwani bila ya haki.

Mbao zetu zimepangwa kivulini, ubao juu ya ubao, kwa fito nyembamba baina yake ili hewa ipite, na ncha zimepakwa rangi zisikauke kwa pupa. Fundi amekataa kuzigusa kabla ya miezi kadhaa kupita. Watoto wangali wakisoma barazani, na upande wa kisiki umechipua machipukizi saba, kwani mizizi ya pande tatu ingali ikinywa.